Bibi, niliandika konokono ambao sikuwahesabu

Shikamoo Bibi Hadubini,

Mimi ni kijana wa miaka 26, naishi kwenye kisiwa kimojawapo cha Ukerewe. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo hayakuwa ya kujivunia, nikarudi kuvua dagaa na kaka yangu. Kaka alifariki mwaka juzi. Tumbo lilikuwa limejaa kama la mjamzito huku mikono na miguu imebaki mifupa. Usiku mmoja akaanza kutapika damu, nyeusi, yenye mabonge, karibu ndoo nzima. Tulipewa rufaa ya kwenda Mwanza. Alikata roho ndani ya meli, gati tunaiona.

Msibani kila mtu alikuwa na lake. Kalishwa sumu. Karogwa na mwenye mtumbwi waliyegombana naye. Wengine wakasema pombe, na kaka yangu pombe alikuwa haigusi, Bibi, hilo naapa.

Miezi saba iliyopita walikuja watafiti wa kichocho. Mkutano wa kijiji ukachagua watu wanane wa kujitolea, mimi nikiwemo. Tunaitwa wanasayansi wananchi. Tulifundishwa siku tatu: kutambua konokono, kuchota na chekeche lenye mpini mrefu kwa nusu saa kila kituo, kuhesabu, kupiga picha, kujaza kwenye simu waliyotupa. Nina vituo vinne: mwalo wetu, sehemu akina mama wanapofulia, kidimbwi cha ng'ombe, na pale kwenye matete watoto wanapoogelea. Nafanya kila Jumatano. Mshahara hakuna, tunapewa hela ya bando na ya nauli. Kwenye mafunzo hayo ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza kwamba kichocho kinaweza kuharibu ini mpaka mtu akatapika damu. Nilitoka nje nikajifanya naongea na simu.

Sasa matatizo yangu. Mama hataki kabisa. Anasema ziwa limeshakula mtoto mmoja, na wewe unalifuata na chekeche. Mwaloni wananiita wakala wa mumiani, eti tunauza konokono Ulaya na baadaye tutaanza kuuza damu. Buti nililopewa limetoboka tangu mwezi wa tatu, naingia hivyo hivyo, sijasema kwa sababu wenzangu hawalalamiki.

Na lingine. Mwezi wa nne, wakati wa masika, ziwa lilichafuka wiki nzima na wiki iliyofuata mwanangu alilazwa kwa malaria. Jumatano mbili sikwenda. Nilikaa nyumbani nikachukua namba za wiki ya nyuma, nikapunguza hapa, nikaongeza pale, nikaweka picha za zamani, nikatuma. Hakuna aliyejua. Mwezi uliopita kiongozi wetu alikuja na chati, akasema mbele ya wote kwamba takwimu zangu ni za mfano kwa sababu hazina pengo hata moja. Wakanipigia makofi. Tangu siku hiyo kila nikishika chekeche naona aibu.

Nifanye nini? Niache kimyakimya? Nikisema ukweli si watasema ndiyo hao waliofeli shule? Na je, kazi hii ina maana yoyote kwa ini la mtu, au ni kuhesabu konokono tu?

Ni mimi, Mhesabu Konokono, Ukerewe.


BIBI HADUBINI ANAJIBU

Marahaba mjukuu wangu. Pole kwa kaka. Pole pia kwa ile gati mliyokuwa mnaiona.

Barua yako ina mambo mengi, lakini lililokufanya ukae chini uandike umelificha katikati, ukaliwekea buti bovu juu yake. Nitaanza na hilo. Mama na mumiani watasubiri.

Nikupe siri ambayo wasomaji wa safu hii hawajawahi kuisikia. Nilipoanza kazi ya maabara nilikuwa mdogo kuliko wewe. Tulikuwa tunapima choo cha wanafunzi wa shule za kandokando ya ziwa. Kipimo chenyewe kinaitwa Kato-Katz, na hadi leo ndicho kinachotumika: unakamua choo kupitia kichujio, unajaza kwenye kitundu kinachobeba miligramu 41.7, unafunika na kipande cha selofani kilicholoweshwa, unasubiri, halafu unahesabu mayai ya kichocho kwenye hadubini. Idadi unayopata unazidisha mara 24 ili ujue gramu moja ya choo ina mayai mangapi. Chini ya 100 ni maambukizi mepesi, 100 hadi 399 ya kati, 400 kwenda juu ni mazito. Siku moja nilikuwa na slaidi 50, yaani vioo vyenye choo cha kupima. Jua likazama, karabai likaanza kukohoa, macho yakawa mekundu. Nilikuwa nimebakiza tisa. Nikazitazama zilivyokaa, nikaandika sifuri tisa, nikaenda kulala.

Bosi wangu alikuwa na tabia, na kumbe ndiyo utaratibu wa maabara zote zinazojiheshimu: slaidi moja katika kila kumi anaisoma tena mwenyewe. Asubuhi akaokota moja kati ya zile tisa. Akahesabu mayai 31. Zidisha mwenyewe: 744. Mtoto wa darasa la tatu, maambukizi mazito, na mimi nimemrudisha nyumbani bila dawa kwa sababu nilikuwa na usingizi. Bosi hakunigombeza. Alinipa baiskeli na karatasi yenye jina la mtoto na la kijiji. Nilimpata siku ya pili, shambani, anafukuza ndege. Slaidi nane zilizobaki tulizisoma upya, wawili wengine walikuwa nayo.

Kwa hiyo, mjukuu wangu, aibu uliyo nayo naijua mpaka rangi yake. Na kwa uzoefu wangu haitoki kwa kuacha kazi. Ukiondoka kimya, zile namba za Jumatano mbili zitabaki kwenye kompyuta ya watu, zinaendelea kusema uongo wakati wewe uko zako kwenye dagaa.

Ngoja nikueleze zinavyosema uongo. Anayefuatilia konokono mwaka mzima anatafuta kupanda na kushuka kwao. Mvua kubwa na mawimbi huwasomba konokono, hung'oa magugumaji wanayoishi, halafu maji yakitulia wanaanza kuzaliana upya. Mtu akijua ni lini wanaongezeka na wapi, anajua lini kuna hatari zaidi kwenye kituo cha kufulia, lini kupulizia dawa ya konokono kama itaamuliwa, lini kugawa vidonge. Wewe wiki ambayo ziwa lilichafuka ukaandika namba zinazofanana na za wiki tulivu. Yaani wiki ileile ambayo ingewafundisha kitu, ndiyo uliyoipiga pasi ikanyooka. Pengo lingekuwa na faida zaidi. Anayechambua takwimu anajua kuishi na pengo, ana njia zake za kulizunguka. Namba ya kubuni hana namna ya kuitambua ikiwa imevaa nguo kama za wenzake.

Na wale waliokupigia makofi kwa kutokuwa na pengo, hapo mimi nina neno na kiongozi wenu. Mtu anayefanya kazi ya kujitolea ziwani kila wiki kwa miezi saba, ana mtoto, ana masika, kisha asikose hata Jumatano moja? Kusifia hilo ni kuwafundisha wengine saba kubuni. Angepaswa kuuliza.

Sasa fanya hivi. Usiingie kwenye simu kufuta au kurekebisha wewe mwenyewe, utaharibu zaidi. Mtumie kiongozi ujumbe, mfupi, bila kujitetea. Mimi ningeandika: "Shikamoo kiongozi. Takwimu za vituo vyangu vinne za Jumatano mbili za mwezi wa nne, tarehe hizi na hizi, sikuzikusanya. Ziwa lilichafuka, kisha mtoto alilazwa. Nilijaza kwa kukisia na picha ni za wiki ya nyuma. Naomba ziondolewe. Nyingine zote nilihesabu mwenyewe. Nitajibu swali lolote." Basi. Weka tarehe kamili, maana bila tarehe watalazimika kutilia shaka miezi yote saba. Kama kuna wiki ya tatu ambayo hukuniambia, itaje humo humo, usiwape nusu.

Wanaweza kukutoa kwenye kundi? Wanaweza, sitakudanganya. Ila kiongozi mwenye akili atakuona wewe ndiye wa kubaki naye, kwa sababu sasa anajua utakachoandika ukishindwa kwenda. Na mwombe aongeze kwenye fomu kijisanduku cha "sikwenda" chenye nafasi ya kuandika sababu. Fomu isiyokuwa na nafasi hiyo inamsukuma mtu mwaminifu kusema uongo. Hata programu inayokubali picha ya wiki iliyopita ina kasoro, nayo waambie.

Kuhusu kufeli shule, acha hizo. Huko Uganda, ufukwe wa kusini wa Ziwa Albert, kulikuwa na mradi unaoitwa ATRAP, wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara pamoja na jumba la makumbusho ya Afrika ya Kati lililoko Tervuren, Ubelgiji. Kuanzia mwaka 2020 wananchi 25 walifanya kazi kama yako: kila wiki, chekeche, konokono, hali ya maji, kila kitu kinaingia kwenye simu kupitia programu iitwayo KoboCollect. Kazi yao ikawekwa bega kwa bega na ya mtaalamu na kuchapishwa kwenye majarida ya sayansi. Walifanya hivyo kwa sababu rahisi: mtaalamu mmoja hawezi kuwa kwenye fukwe zote hizo kila wiki, na mtu anayeishi pale anaona mambo ambayo mgeni wa siku tatu hayaoni. Wewe unajua kwamba kidimbwi cha ng'ombe hukauka mwezi wa nane na konokono hujichimbia kwenye tope. Hilo shuleni hukulifundishwa.

Umeuliza kama konokono wana uhusiano wowote na ini la mtu. Hapa nikae kidogo, maana naona hata mafunzo ya siku tatu hayakukutosheleza.

Kwa Kiswahili chetu, ukisema kichocho, mtu anafikiria kukojoa damu. Basi mtu wa ziwani ambaye mkojo wake ni mweupe anajiona salama. Lakini vichocho viko viwili. Cha mkojo kinabebwa na konokono aitwaye Bulinus. Cha tumbo, ambacho ndicho kimetawala kandokando ya Ziwa Victoria, kinabebwa na Biomphalaria, yule bapa aliyejikunja kama mkanda. (Najua unajua. Naandikia na wengine.) Hiki cha pili hakigusi mkojo. Kinaharisha mara moja moja, kinauma tumbo, pengine damu kidogo kwenye choo, na miaka inapita.

Mtu anajisaidia kandokando ya mwalo. Mayai yanaingia majini, yanaanguliwa, kidudu kinamtafuta Biomphalaria na kuingia ndani yake. Baada ya wiki nne hadi sita, konokono mmoja aliyeambukizwa anatoa vidudu vipya mamia kwa maelfu kwa siku, zaidi jua linapokuwa kali, karibu na saa sita mchana, yaani saa ileile watoto wanapoogelea. Vinapenya ngozi nzima, havihitaji kidonda. Vikikomaa vinakaa kwenye mishipa ya damu inayotoka utumbo kwenda kwenye ini, dume kamkumbatia jike kwenye mfereji wa mwili wake miaka yote ya maisha yao. (Ndoa ngapi unazijua za hivyo?) Jike anataga mayai 100 hadi 300 kwa siku. Karibu nusu hayatoki na choo. Damu inayasukuma hadi kwenye ini, yananasa humo, mwili unayazungushia kovu, na kovu juu ya kovu, miaka kumi, kumi na tano.

Ini lenyewe linaweza kuwa bado linafanya kazi. Kinachoharibika ni njia. Damu ya utumbo haipiti tena, inarudi nyuma, bandama inavimba, inatafuta vichochoro vya pembeni na kuvipata kwenye mishipa midogo ya koo la chakula. Mishipa ile haikuumbwa kubeba mzigo huo. Inatuna kama mpira wa ndani wa baiskeli unaotokeza kwenye tairi iliyochanika, na siku moja inapasuka. Mgonjwa anatapika damu. Jirani anasema kalishwa.

Siwezi kukuambia kaka yako alikufa na hicho. Sikumpima, na homa ya ini aina ya B inaweza kufika mlango huohuo, sumukuvu ya mahindi na karanga zilizoota ukungu nayo huchangia saratani ya ini, hasa kwa mwenye homa ya ini B tayari. Lakini mvuvi kijana asiyekunywa pombe, tumbo limejaa maji, damu nyeusi usiku, kando ya ziwa hilo: daktari yeyote wa Kanda ya Ziwa angefikiria kichocho kabla ya kumfikiria mwenye mtumbwi. Ukiweza, kamwambie mwenye mtumbwi hivyo. Nahisi naye hajalala vizuri tangu msiba ule.

Kwa hiyo ndiyo, konokono wako wana uhusiano na ini. Wewe uko upande wa kwanza wa njia. Upande wa pili wako wenye mashine ya altrasaundi wanaoangalia makovu. Uganda kuna utafiti wa SchistoTrack katika wilaya za Pakwach, Buliisa na Mayuge, wanafuata watu walewale mwaka hadi mwaka na kuwapiga picha za ini. Kinachotafutwa na wengi ni kuunganisha pande hizo mbili: maji ya aina gani, konokono wangapi, miaka mingapi, hadi ini la nani linaharibika na la nani linapona. Namba zako za kweli zina nafasi humo. Za uongo pia zina nafasi, ndiyo maana nimekukalia kooni.

Haya, buti. Hapa nitakugombeza kidogo. Unachunguza ugonjwa unaoingia kwa kugusa maji, na unaingia kwenye maji hayo na buti lililotoboka, ili wenzako wasikuone mlalamishi! Kujitolea ni kutoa muda wako. Ngozi yako hukuombwa. Mradi unaokutuma ziwani unawajibika kukupa buti zima, glavu ndefu, chekeche lenye mpini wa kutosha, na kukupima na kukutibu wewe mwenyewe. Dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili, dozi ya siku moja. Ina udhaifu wake: inaua minyoo iliyokomaa, changa inaiacha, na haikukingi na maambukizi mapya. Ndiyo sababu mtu wa kazi kama yako hapimwi mara moja akasahauliwa. Umevua miaka yote hiyo na kaka yako, maji yaleyale. Kabla ya Jumatano ijayo nenda kapimwe choo, na uombe altrasaundi ya ini na bandama ukipata inapofanyika. Makovu yakiwa mapya, hasa kwa vijana na watoto, dawa inaweza kuyarudisha nyuma. Yakishakomaa, inabaki kuzuia yasizidi, na kwa mwenye mishipa iliyovimba kooni kuna hospitali za rufaa zinazoifunga kwa vijipira kabla haijapasuka. Kaka hakuipata nafasi hiyo. Wewe uko nayo.

Nenda vituoni asubuhi na mapema badala ya mchana. Hatari haiishi, inapungua. Maji yakikugusa, jifute kwa nguvu na taulo papo hapo, usiache yakaukie mwilini.

Mama yako. Kijana wangu, mama huyo hapingi sayansi, anaogopa kuzika tena. Usimpelekee chati. Mpelekee majibu yako ya hospitali na buti jipya. Kisha siku ambayo ziwa limetulia mchukue, akae juu kwenye jiwe, akuone unavyochota, mwoneshe Biomphalaria kwenye kisahani cheupe, mwambie, "Mama, huyu ndiye nadhani alianza na kaka." Usiongeze neno. Akitaka kulia mwache. Akitaka kumkanyaga konokono, mwache pia, mmoja hataharibu takwimu, ila uwe umeshamhesabu.

Mumiani ni hadithi ya zamani kuliko mimi. Bibi yangu alitutishia nayo. Nimefanya kazi miaka 30 nikichoma watu vidole, nimeitwa hivyo kwa lugha nne. Nilijifunza kwamba ukicheka, uvumi unakua. Watu wana haki ya kuuliza damu yao, choo chao na konokono wa ziwa lao vinakwenda wapi, na mara nyingi wanaouliza kwa matusi ni wale ambao hawakupewa nafasi ya kuuliza kwa heshima. Utafiti wa afya nchini kwetu unahitaji kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Omba nakala ya kibali hicho, mtendaji wa kijiji aibandike ofisini kwake. Muulize kiongozi wenu: konokono wakishahesabiwa wanapelekwa wapi, nani anamiliki takwimu, na mrejesho kijijini utaletwa lini, na nani, kwa Kiswahili au kwa Kikerewe. Wakisema mrejesho utakuwa kwenye jarida, waambie hapa mwaloni hatupokei majarida. Huko Kilifi, Kenya, watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya huko, wana wawakilishi waliochaguliwa na wananchi wenyewe, kazi yao ni kubeba maswali ya kijiji kwenda kwa watafiti na kurudisha majibu. Ninyi wanane mnaweza kuomba kitu kama hicho, mkutano uliowachagua ungali na nguvu ya kuwauliza.

Jambo dogo lakini zito: ukija kuambiwa uorodheshe nani ana tumbo kubwa au nani kapimwa akakutwa na kichocho, hiyo si kazi ya kuhesabu konokono tena. Ni siri za watu, na tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Usikubali kabla hujafundishwa upya na watu wenyewe hawajaridhia. Na jina la mtu lisitoke mdomoni mwako hata kwa mama.

Hela ya bando? Ungekuwa jirani yangu ningekuambia kadai zaidi. Jumatano nzima ya mvuvi ina bei. Watafiti wengi wanaogopa kulipa, wanasema itanunua takwimu, na nimeona kweli inavyoweza kutokea. Nimeona pia mtu anayejitolea bure mwaka mzima anavyochoka akaanza kubuni. Semeni kwa pamoja, wanane, fidia ya siku mnayopoteza itamkwe wazi kwenye karatasi. Na isitegemee idadi ya fomu mlizotuma. Hilo la mwisho lisisitizeni ninyi wenyewe.

Sijasahau kwamba kaka aliacha familia. Hukuitaja, lakini mvuvi wa umri wake huwa nayo. Kama yuko shemeji na watoto, hao ndio wa kwanza kabla ya kituo chochote. Wapimwe kichocho, na wapimwe homa ya ini B, kwani yenyewe mama anaweza kumpa mtoto wakati wa kujifungua, na mume kumpa mke. Watoto waliozaliwa baada ya chanjo hiyo kuingizwa nchini mwaka 2002 huenda walichanjwa wakiwa wachanga, kadi ya kliniki itasema. Shemeji wa umri wako uwezekano mkubwa hakuchanjwa, na akikutwa hana virusi anaweza kuchanjwa sasa. Usimpeleke kwa kumwambia mumewe alikuwa na kitu gani. Mwambie nawe umepima, twende.

Siku ya vidonge vya kichocho, watoto wale kwanza washibe. Vidonge vile ni vikubwa, vichungu kama shubiri, na tumboni patupu vinatapisha. Ugali na dagaa vinatosha.